Madoa ya kahawia kwenye viazi vitamu: kagua shina kabla ya kununua dawa

Mkuu, umesema shamba lako la Buhigwe majani ya chini yana madoa ya kahawia na yanapukutika, ukauliza kama viazi vilivyo ardhini vitaoza. Haviozi kwa ugonjwa huu. Hasara yake iko kwingine.

Chuma jani bovu ulitazame kwa karibu. Doa lenye miduara, mmoja ndani ya mwingine, ni ukungu wa Alternaria. Doa dogo lililopauka katikati na lenye vinukta vyeusi ni ukungu mwingine. Huo mavuno hauyapunguzi sana, ila matembele yake hayauziki. Jani likidumaa na kukunjamana, limepauka bila doa kavu, shuku virusi vinavyoenezwa na inzi weupe na vidukari. Hapo dawa ya ukungu ni kutupa hela.

Tuchukue ni Alternaria, maana hupenda nyanda za juu zenye unyevu kama huko kwenu. Baada ya majani hushuka kwenye vikonyo na mashina, ikiacha mabaka meusi. Baka likilizunguka shina, sehemu yote ya mbele hukauka. Majani yakipukutika wakati viazi vinajaza, unavuna vizizi. Lakini baya zaidi ni marando, yaani vipande vya shina vya kupanda: ukikata mbegu kwenye shina lenye baka, umeuhamishia ugonjwa shamba la msimu ujao kwa mkono wako.

Kwa hiyo chagua mbegu kwa ukali. Kata ncha za sentimita 30 kwenye mimea safi. Rando lenye baka hata moja, tupa. Matuta yaachane mita 1, mche na mche sentimita 30, fukia theluthi mbili ya rando. Ukibananisha, majani hayakauki umande na ukungu unafurahi. Ukishavuna, kusanya masalia uyachome, ng'oa maotea (viazi vilivyojiotea vyenyewe), kisha panda mahindi au maharage hapo. Shamba jipya liwe mbali na la zamani, kwani vimelea hupeperushwa na upepo na kurushwa na matone ya mvua.

Mankozebu, dawa ya ukungu, hukinga jani zima, haiponyi lililokwisha kuugua, na kwa bei ya kiazi mara nyingi hailipi. Kama nyumbani mnachuma matembele humo, msipige kabisa.

Shamba likiwa na miezi minne au mitano, fukua mashina machache upime ukubwa wa viazi. Vikiwa vinatosha, vuna. Vya ziada katakata, anika michembe. Watu wa Tabora watachemsha kwanza wapate matobolwa.