Maswali ya Wasomaji: Wakongwe wa Kusini na Kongresi ya Marekani

Barua nyingi safari hii zinahusu wabunge wastaafu wa majimbo ya Kusini mwa Marekani, wale waliokaa Washington miaka 30 au 40, kisha wakarudi kwao na kuanza kusimulia. Tumechagua sita.

Wahariri, shikamooni. Kila nikisoma historia ya Kongresi nakuta wenyeviti wa kamati wanatoka Texas, Georgia au Mississippi. Kusini hata nusu ya Marekani si. Walizipataje kamati zote hizo?

Marahaba. Walizipata kwa kukaa. Kwa miongo mingi Kongresi ilifuata ukongwe: mjumbe wa chama chenye wingi aliyedumu kuliko wenzake kwenye kamati ndiye aliyekuwa mwenyekiti, awe hodari au goigoi, mzima au mgonjwa. Baraza la Wawakilishi huchaguliwa lote kila baada ya miaka 2. Mjumbe wa Ohio au Illinois, ambako vyama viwili vilikabana koo kwelikweli, aliweza kuangushwa muhula wowote. Kusini kulikuwa na chama kimoja tu, Democratic. Ukishinda mchujo wa chama, uchaguzi wa Novemba ulikuwa wa kukamilisha ratiba.

Na wapiga kura wenyewe walikuwa wamechujwa kabla ya mchujo. Palikuwa na kodi ya kupigia kura, palikuwa na mitihani ya kusoma na kuandika iliyosahihishwa kwa upendeleo wa wazi, na huko Texas mchujo ulikuwa wa weupe peke yao hadi Mahakama Kuu ilipoupiga marufuku mwaka 1944 katika kesi ya Smith v. Allwright. Mtu mweusi wa Mississippi alihesabiwa kwenye sensa na jimbo likapewa viti kwa kichwa chake, lakini kituoni hakufika. Mstaafu akikwambia watu wake walimrudisha bungeni mara 15 kwa mapenzi, muulize ni watu gani.

Hivyo ndivyo Carl Vinson wa Georgia alivyokaa tangu 1914 hadi 1965, na Jamie Whitten wa Mississippi tangu 1941 hadi 1995. Sam Rayburn wa Texas aliingia 1913 na kufariki 1961 akiwa bado Spika.

Mfumo huo ulitikiswa Januari 1975. Wajumbe wapya waliochaguliwa baada ya kashfa ya Watergate walishirikiana na wanamageuzi waliowatangulia, na katika kura ya siri ya wajumbe wa Democratic wenyeviti watatu waling'olewa: W. R. Poage wa Kilimo, F. Edward Hébert wa Majeshi na Wright Patman wa Benki. Wawili wa Texas, mmoja wa Louisiana.

Mwenyekiti mmoja anauzimaje muswada unaotakiwa na walio wengi?

Kwa kutofanya lolote. Tufuate njia yenyewe. Mjumbe anautumbukiza muswada katika kisanduku cha mbao kilicho kando ya meza ya makarani. Unapewa namba, na Spika anaupeleka kwenye kamati husika. Mwenyekiti asipoupangia kikao, umekwisha. Hakuna aliyepiga kura ya hapana, hakuna wa kulaumiwa. Hapo ndipo miswada mingi hufia hadi leo.

Ukipenya, unakutana na Kamati ya Kanuni, inayoamua utajadiliwa kwa saa ngapi na marekebisho yapi yaruhusiwe. Tangu 1955 kamati hiyo iliongozwa na Howard Smith wa Virginia. Ilikuwa na wajumbe 12: Democratic 8, Republican 4. Smith na William Colmer wa Mississippi walipoungana na wale wanne, kura zilikuwa 6 kwa 6, na sare maana yake hoja imeanguka. Smith pia alikuwa na kawaida ya kuondoka Washington kwenda shambani kwake. Bila yeye, kikao hakiitwi. Januari 1961 Rayburn aliamua kuongeza wajumbe wa kamati wafike 15. Spika mwenye nguvu kuliko wote wa zama zake alishinda kwa kura 217 dhidi ya 212.

Dawa ya kikanuni ipo: hati ya kuunyakua muswada kutoka kamatini. Inataka saini 218, yaani zaidi ya nusu ya wajumbe 435, na muswada uwe umelala kamatini kwa siku 30 za vikao. Zingatia hapo, ni siku za vikao, na mapumziko hayahesabiwi. Mara nyingi hati hukwama kwa sababu mjumbe anayesaini anamchokoza mwenyekiti atakayeshika muswada wake mwingine kesho. Zamani, tena, orodha ya waliosaini ilikuwa siri, kwa hiyo mtu aliweza kuwaambia wapiga kura wake kuwa anaunga mkono huku kalamu hajaigusa. Siri hiyo iliondolewa 1993.

Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inaonyesha mitego yote kwa pamoja. Smith aliikalia hadi vuguvugu la hati lilipomtia wasiwasi, akaitisha vikao Januari. Tarehe 8 Februari yeye mwenyewe alipendekeza neno "jinsia" liongezwe kwenye kifungu cha ubaguzi kazini. Wengi waliona ni mbinu ya kuuzamisha muswada, ingawa alikuwa pia mfuasi wa siku nyingi wa haki sawa kwa wanawake. Pendekezo likapita, 168 kwa 133, na wanawake wa Marekani wanalitumia mahakamani mpaka leo. Siku mbili baadaye Baraza likapitisha muswada wote, 290 kwa 130. Seneti, maseneta wa Kusini wakaongea mfululizo kwa wiki nyingi ili kura isipigwe, hadi Juni 10 mjadala ulipofungwa kwa kura 71 dhidi ya 29. Wakati huo kufunga mjadala kulihitaji theluthi mbili. Tangu 1975 ni kura 60.

Kama Democratic ilitawala Kusini hivyo, mbona leo ni ngome ya Republican?

Kwenye urais mabadiliko yalionekana mapema: mwaka 1964 Barry Goldwater, mgombea wa Republican, alishinda Mississippi, Alabama, Georgia, Louisiana na South Carolina, na nje ya hapo ni Arizona kwao tu. Bungeni ilichukua miaka 30 zaidi, na sababu ni ule ule ukongwe. Mkulima wa pamba aliyempigia Republican kura ya urais hakuona faida ya kumtupa mwenyekiti anayemletea ruzuku, kambi ya jeshi na barabara. Alisubiri mzee astaafu, ndipo kiti kikageuka.

Ramani za baada ya sensa ya 1990 ziliharakisha jambo. Wilaya za uchaguzi zenye weusi wengi zilichorwa, na mwaka 1992 majimbo kama Alabama, Virginia na South Carolina yakapeleka mjumbe mweusi kwa mara ya kwanza katika karne ya 20. James Clyburn ni mmoja wao. Wilaya jirani zikabaki na weupe wengi zaidi, na Republican ikavuna. Mwaka 1994 chama hicho kiliongeza viti 54 nchi nzima, na Newt Gingrich wa Georgia akawa Spika.

Wastaafu wote husema, "Zamani tulielewana, siku hizi ni ugomvi mtupu." Kuna ukweli?

Nusu. Vyama viliingiliana kweli. Democratic ilikuwa na wahafidhina wa Kusini, Republican ilikuwa na waliberali wa Kaskazini Mashariki, kwa hiyo kila muswada ulijitafutia wafuasi pande zote. Bajeti nayo ilipita kwa wakati mara nyingi kuliko sasa. Mara ya mwisho Kongresi kukamilisha miswada yote ya matumizi kabla ya Oktoba 1, mwaka wa fedha unapoanza, ilikuwa 1996. Fedha zilizotengwa kwa miradi ya wilaya ya mjumbe zilisaidia kununua kura ngumu. Zilisitishwa 2011, zikarudi 2021 kwa jina jingine na masharti ya kutangaza hadharani nani ameomba nini.

Nusu ya pili haisemwi sana. Maelewano yale yalitegemea mambo fulani kutoguswa. Mwaka 1956 wajumbe 101 wa Kusini, maseneta 19 na wawakilishi 82, walitia saini tamko la kupinga uamuzi wa Mahakama Kuu wa kuondoa ubaguzi mashuleni. Ni rahisi kuelewana mezani kama asiyekubali hakualikwa.

Nasoma kumbukumbu za mbunge mstaafu anayedai alipigania hili na lile. Nitahakikishaje?

Anza na kura iliyoitwa kwa majina. Kila moja ina namba na tarehe. Kisha angalia ilikuwa kura ya nini. Mtu anaweza kupiga ndiyo kwenye kura ya mwisho baada ya kupiga ndiyo pia kwenye hoja ya kuurudisha muswada kamatini, na hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa na meno. Kwa miaka ya kabla ya 1971 utagonga ukuta: marekebisho yalipigiwa kura kwa wajumbe kupita mstari huku wakihesabiwa, majina hayakuandikwa. Msimulizi wa enzi hizo anaweza kujipa msimamo wowote kuhusu marekebisho, na hutakuwa na karatasi ya kumbana.

Hansadi yao, Congressional Record, isome kwa tahadhari. Mjumbe anaruhusiwa kurekebisha na kurefusha maneno yake, na hata kuingiza hotuba ambayo hakuitamka. Tangu 1978 hotuba za namna hiyo zilianza kuwekewa alama. Za kabla ya hapo huwezi kuzitofautisha kwa macho. Kuhusu "muswada wangu", tazama kama ndiye aliyeuwasilisha au alitia tu saini ya kuunga mkono, jambo la dakika moja.

Barua za ofisi yake ni mali yake binafsi kisheria, na wengi huzikabidhi chuo kikuu kwa masharti wanayotaka wao. Kumbukumbu za kamati ni za Baraza. Kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka 30, na zile nyeti baada ya 50. Kitabu kikipishana na faili la kamati, liamini faili.

Mbunge akistaafu analipwa mshahara wake wote maisha? Na anaweza kurudi kama mshawishi?

Hapana kwa la kwanza. Anahitaji angalau miaka 5 ya utumishi ili apate pensheni akifika miaka 62, au miaka 20 ili aipate akiwa na 50. Mshahara ni dola 174,000 tangu 2009. Kwa aliyeingia kabla ya 2013 chini ya mpango wa sasa, zidisha asilimia 1.7 ya wastani wa mishahara ya miaka 3 mikubwa kwa miaka ya utumishi: miaka 10 inampa dola 29,580 kwa mwaka. Walioingia kuanzia 2013 wanahesabiwa asilimia 1, yaani dola 17,400 kwa muda huo huo.

Ushawishi, yaani kulipwa ili kuwashawishi wabunge, anaruhusiwa, lakini mjumbe wa Baraza asubiri mwaka 1 na seneta miaka 2. Kanuni humruhusu mjumbe wa zamani kuingia ukumbini. Akijisajili kuwa mshawishi, mlango huo unafungwa.