Dawa inayofunguliwa kwa mwanga: mama asisubiri

Ndugu yetu wa Jinja, umeuliza iwapo mama yako, mwenye saratani ya ini, aahirishe matibabu aliyopangiwa hadi ipatikane ile tiba ya chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zinazoachia dawa zikimulikwa. Ushauri wangu ni kwamba asiahirishe.

Wazo lenyewe si porojo. Dawa hufungiwa, kwa mfano, ndani ya vifuko vidogo mno vya mafuta vyenye chembe za dhahabu. Vikimulikwa, dhahabu hupata joto, kuta za vifuko hulegea, na dawa humwagika hasa pale palipomulikwa. Ugumu uko kwenye mwanga. Funika tochi ya simu kwa kidole gizani, utaona wekundu tu ukipenya. Hata mwanga mwekundu na infraredi iliyo jirani yake (mwanga usioonekana kwa macho), wenye urefu wa mawimbi kati ya nanomita 650 na 950 hivi, hufifia sana baada ya sentimita chache, na ini liko ndani, tena limejaa damu inayofyonza mwanga. Jicho ni rahisi zaidi: dawa ya verteporfin, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000, huamshwa kwa leza ya nanomita 689 kutibu retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ingawa hiyo huamshwa tu, haifunguliwi kutoka kifukoni.

Mpeleke mama Taasisi ya Saratani ya Uganda, pale Mulago, pamoja na picha zake zote za skani, mkaulize kama uvimbe unaweza kukatwa. Anayewauzia “taa ya nano” msimlipe hata shilingi.