Meza ya kuchorea ya mtoto: uso upi unafaa?

SWALI: Mhariri, ninamtengenezea binti yangu wa miaka mitatu meza ndogo kwa plaiwudi ya milimita 18. Fremu na miguu viko tayari, kilichobaki ni uso. Mume wangu anapendekeza tuupake rangi ya ubao ili mtoto achore kwa chaki. Mimi nilifikiria kubandika ubao mweupe unaofutika. Meza hiyohiyo ndiyo atakayolia chakula. Tuchague kipi?

JIBU: Kwa meza ya kuchorea na kulia chakula, mimi nisingechagua chochote kati ya hivyo viwili. Ubao wa chaki na ubao mweupe vimekusudiwa kusimama ukutani, ambako vumbi huanguka chini na mkono wa mchoraji hauegemei mchoro. Ukiulaza ubao ukawa meza, vumbi hubaki palepale, na mtoto wa umri huo, ambaye huchora kwa kutumia bega na kiwiko zaidi ya vidole, huegemeza mkono mzima na kuufuta mchoro wake kwa nguo yake mwenyewe kabla hajaumaliza. Chaki, iwe ya chokaa au ya jasi, si sumu, lakini hakuna sababu ya kuifanya kitoweo.

Ubao mweupe una udhaifu wa namna nyingine. Ule wa bei nafuu huwa na uso wa melamini, ambao baada ya muda hukwaruzika, wino ukaingia katika mikwaruzo na madoa yakakataa kutoka. Zaidi ya hapo, unateleza. Mtoto anayejifunza kuongoza mstari anahitaji uso unaoikinza kalamu kidogo, ili mkono uhisi ncha inakopita, na kwa kazi hiyo sijaona kitu kinachoishinda karatasi ya kawaida.

Kwa hiyo ningebandika fomeka isiyong'aa, ya rangi moja iliyopoa, kisha mtoto achore kwenye karatasi juu yake. Fomeka ni ngumu, hivyo penseli haiachi mabonde, na kalamu ya nta ikivuka ukingo wa karatasi, kama itakavyovuka kila siku, alama yake kwa kawaida hutoka kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni. Fomeka inayong'aa iepuke kwa sababu hurudisha mwanga wa taa machoni. Plaiwudi tupu nayo ina kero yake: nyuzi za mbao hujichora kwenye karatasi kila mtoto anaposugua kalamu ya nta, na pale mbao ilipo laini, penseli hutoboa karatasi. Vanishi huzuia madoa, ila tabaka jembamba hufuata mabonde ya nyuzi na halisawazishi kitu.

Katika kubandika, kata fomeka izidi ubao kwa milimita chache kila upande, piga plaiwudi msasa, pangusa vumbi lote, kisha paka gundi ya mpira kwenye ubao na kwenye mgongo wa fomeka, usubiri hadi isinate kidoleni. Anza kubandika upande mmoja ukisonga mbele taratibu, kwa kuwa nyuso hizo mbili zikishakutana huwezi tena kuzisogeza. Gundi hiyo ina mvuke mkali. Fanyia kazi nje, mtoto akiwa mbali. Ukingo wa fomeka hukata kama wembe, kwa hiyo upunguze kwa tupa, uufunike kwa utepe wa mbao, na kona zote uzizungushe.

Chini ya ncha moja ya meza funga kijiti cha kubebea karatasi ya kuviringishwa, na kwenye ncha ya pili weka ufito wa kuibana. Karatasi ikivutwa na kutandazwa meza nzima, mtoto hupata nafasi inayolingana na mikono yake. Wakati wa kula inarudishwa.

Kabla hujakaza uso, pima kimo. Kiwango cha Ulaya cha samani za shule, EN 1729, kwa mtoto mwenye urefu wa sentimita 93 hadi 116 kinaweka kiti cha sentimita 26 na meza ya sentimita 46, unene wa uso ukiwa umehesabiwa. Wazo la mumeo lisitupwe: apake rangi ya ubao kwenye kipande kingine cha plaiwudi, akitundike ukutani usawa wa kifua cha mtoto.

SWALI: Nilipaka ubao wa mwanangu rangi ya ubao, lakini michoro ya kwanza kabisa haijafutika mpaka leo. Je, rangi ni mbovu?

JIBU: Yaelekea uliuchorea kabla ya kuuandaa. Rangi hiyo huhitaji kukauka kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, mara nyingi kama siku tatu. Kisha chaki hulazwa ubavu na kusuguliwa ubao mzima, wima halafu mlalo, na kupanguswa kwa kitambaa kikavu, ili vitundu vya rangi vijae vumbi kwa usawa. Sasa uoshe kwa maji, uache ukauke, ndipo ufanye hivyo. Alama zikibaki, piga msasa laini na upake rangi upya. Kalamu za nta zisiuguse ubao huo, kwani palipopita nta chaki haishiki.