Kwa nini mama anapimwa kwa saa baada ya kiharusi

Dada, umeuliza kwa nini mtu wa fiziotherapia anamwinua mama kitini huku kashika saa. Hicho ni kipimo cha anavyoinuka na kutembea. Anainuka, anatembea mita 3, anageuka, anarudi, anaketi, sekunde zinaandikwa. Mwangalie hasa anapogeuka, ndipo mguu dhaifu unapoburuta. Kama leo katumia mkongojo, mwezi ujao apimwe na mkongojo uleule, la sivyo namba hazilinganiki. Halafu kuna fomu ya Barthel, ya tangu 1965, inayoonyesha mgonjwa anajitegemea kiasi gani: kula, kuoga, kuvaa, kwenda msalani, alama 0 hadi 100. Hapo msimjibie kwa huruma (sisi tulifanya hivyo kwa baba). Kinachotakiwa ni anachofanya kweli nyumbani, si anachoweza akijikaza mbele ya daktari.