Kabla hujagusa -Xmx

Jumanne jioni nilipita nyuma ya viti vya vijana wawili wa timu yetu, nikawakuta wanapongezana. Seva ya Java ilikuwa imeganda tangu saa tisa. Wakapandisha -Xmx, yaani kikomo cha hipu (kumbukumbu ambamo Java huweka objekti zake), kutoka giga 4 hadi giga 8, wakaizima, wakaiwasha, ikatulia. "Kaka, imeshapona," mmoja akaniambia. Nikamuuliza, kabla ya kuizima mlichukua nini? Akanyamaza. Logi ya GC, yaani rekodi za mzoa taka anayefuta objekti zisizotumika tena, haikuwa imewashwa, dampo la hipu (nakala ya kila kilichomo) hakuna, hata dakika moja ya jstat, ile zana ya kutazama hipu, hakuna. Ushahidi wote ulikuwa ndani ya ile prosesi, na ile prosesi wameiua kwa mikono yao.

Sikuwagombeza, maana nami nilianzia hapohapo. Ila mwaka huu hii ni mara ya tatu naiona, kwa watu tofauti, na uvumilivu umeniishia. Kwa hiyo nawaandikia ninyi wadogo zangu mlioajiriwa juzi, mnaoijua Spring (ule mfumo wa kuandikia programu za Java) kuliko nilivyoijua mimi nikiwa umri wenu, lakini hamjawahi kuamshwa saa nane usiku na seva iliyojaa.

1. Angalia sakafu, dari iache. Grafu ya hipu ina meno kama msumeno: inapanda, mzoa taka anapita, inashuka. Kupanda hakuna maana yoyote. Swali ni kwamba baada ya kuzoa, kimebaki kiasi gani? Tafuta kwenye logi mstari wa Full GC (mzoa taka akipita hipu nzima) wenye tarakimu kama hizi: 4051M->3987M(4096M), na mwishoni muda, karibu sekunde tatu. Soma taratibu: kabla ya kuzoa, baada ya kuzoa, na ukubwa wa hipu. Programu nzima imesimama sekunde tatu, wateja wanangoja, na kilichopatikana ni mega 64. Humo ndani hakuna taka tena, kila kitu kina mtu anayekishikilia. Ungeona 3600M->410M ningekwambia nenda kanywe chai, hata kama grafu inatisha.

Sakafu ikiwa palepale lakini mzoa taka anapita kila baada ya nusu sekunde, huo ni ugonjwa mwingine: mnatengeneza objekti kwa kasi kupita kiasi. Mara nyingi kuna mtu kavuta safu laki mbili kutoka kwenye databesi ili aonyeshe 20 kwenye ukurasa. Lakini sakafu ikiwa mega 900 Jumatatu, 1300 Jumanne, 1700 Jumatano, hapo kumbukumbu inavuja, na -Xmx kubwa inakununulia siku chache tu. Na tafadhali msiniletee picha ya top, ile amri ya Linux inayoonyesha kumbukumbu ya kila prosesi. JVM, yaani mashine inayoendesha programu za Java, ikishachukua kumbukumbu kwa mfumo hairudishi kirahisi, kwa hiyo top haikwambii ndani ya hipu kuna nini.

2. Washeni logi ya GC kwenye kila seva, leo. Kuanzia Java 9 ni -Xlog:gc* ikielekezwa kwenye faili, na kama prosesi inatembea tayari, amri ya jcmd na VM.log itawasha logi bila kuizima prosesi. Ongezeni -XX:+HeapDumpOnOutOfMemoryError, ili dampo lijichukue lenyewe kumbukumbu ikiisha, na HeapDumpPath iende kwenye diski yenye nafasi, sio /tmp iliyobakiza giga mbili.

3. Kosa lisome mpaka neno la mwisho. OutOfMemoryError, kosa la kuishiwa kumbukumbu, ni ukoo mzima. Ikiishia na "Java heap space", hipu imejaa. Ikiishia na "Metaspace", mnapakia klasi zisizoondoka. "GC overhead limit exceeded" maana yake mzoa taka amekula zaidi ya asilimia 98 ya muda na kupata chini ya asilimia 2 ya hipu. Ikilalamika kwamba imeshindwa kuunda thredi (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu), kuongeza -Xmx hakusaidii na kunaweza kuzidisha tatizo, kwa sababu unaweza kuinyang'anya stack, kumbukumbu ya thredi yenyewe, nafasi iliyokuwa inahitaji. Niliwahi kumwona mtu akipandisha hipu mara nne mfululizo kwa kosa hilo, na kila akipandisha seva inakufa mapema zaidi, naye anazidi kupandisha.

Na kontena, lile boksi lenye kikomo cha kumbukumbu ambamo programu inaendeshwa, ikitoweka kimya, bila kosa lolote kwenye logi, na namba ya kutokea ni 137, basi Java haikujiua. Mara nyingi keneli, kiini cha Linux, ndiyo imeiua: 128 jumlisha 9, ishara ya kuua. Hipu ni sehemu tu ya kumbukumbu ya JVM. Kuna Metaspace, kuna bafa za moja kwa moja, kuna stack, ambayo kwenye Linux ya biti 64 kila thredi imetengewa hadi mega moja. Ukiweka -Xmx sawa na kikomo cha kontena, utauawa tu, ni suala la siku. Mkiwa hapo hapo, angalieni pia mnatumia mzoa taka yupi. Mnaniambia "G1, si ndiyo ya kawaida tangu Java 9?" Kontena ikipewa CPU moja, au kumbukumbu chini ya mega 1792, Java inachagua Serial yenyewe na haimwambii mtu.

4. La kwangu. Hili nalisimulia lote, kwa sababu nikilifupisha halitawasaidia.

Miaka hiyo nilikuwa kwenye ofisi nyingine, tukiendesha mfumo wa kutuma fedha kwa simu. Java 8, Tomcat (programu inayopokea maombi ya wateja), seva mbili nyuma ya lodi balansa inayogawa maombi kati yao. Ada ya muamala ilitegemea mambo matatu: mtandao, kundi la kiwango na aina ya muamala. Kila ombi lilikwenda kwenye databesi kuchukua jedwali la ada, nikaona ni upotevu. Nikaandika kache, hifadhi ya majibu ndani ya kumbukumbu: ConcurrentHashMap (orodha ya funguo na thamani zake) moja ya static, yaani inayobaki hai mpaka programu izimwe, ufunguo wake ni klasi yangu ndogo yenye sehemu tatu, thamani yake ni jedwali zima. Kwenye kompyuta yangu nikaijaribu mara elfu kumi nikitumia ufunguo mmoja nilioutengeneza mwanzoni mwa jaribio. Ikaruka kama mshale. Nikaipeleka kwa wateja.

Siku ya tatu seva ikaganda. Nikaongeza hipu kutoka giga 4 hadi 8, ikadumu karibu wiki. Nikaongeza hadi 16. Kisha nikaomba mashine yenye giga 32, nikapewa, nikaweka 28, na juu yake nikaandika cron, kazi inayojiendesha kwa ratiba, ya kuizima na kuiwasha kila Jumapili usiku. Miezi ikapita. Nilisifiwa kwenye kikao. Muda wote huo mzigo wa databesi haukupungua hata kidogo, ingawa kache niliiandika kwa sababu hiyo, na sikuangalia.

Ikaja Ijumaa ya mishahara, siku mbili kabla ya sikukuu. Miamala ikawa mara tatu ya kawaida, juu ya uchafu wa tangu Jumapili. Kwenye saa kumi na moja jioni seva ya kwanza ikaanza Full GC. Java 8 kama hukuchagua kitu inatumia mzoa taka aitwaye Parallel, na Full GC yake inasimamisha kila thredi mpaka imalize. Kupitia giga ishirini na kitu za objekti zilizo hai kulichukua sekunde arobaini. Lodi balansa ikaona kimya, ikaitoa seva hiyo, mzigo wote ukaangukia ya pili, ambayo nayo ilikuwa imejaa. Ya pili ikasimama. Ya kwanza ikazinduka, ikapokea kila kitu, ikasimama tena. Ingekuwa na giga 4 ingekufa haraka na kuwashwa upya. Mimi nilikuwa nimeipa giga 28 za kukata roho polepole.

Nilishuka chini kutafuta maji. Kwa wakala wa mlangoni kulikuwa na foleni. Mama mmoja kashika karatasi ya dawa imekunjwa mara nne, anangoja fedha kutoka kwa kijana wake, na wakala anamwambia, "Mama, mtandao unasumbua leo." Mtandao ulikuwa mzima. Nilisimama pale na chupa yangu nikashindwa hata kulipa.

Aliyenitoa ni dada mmoja aliyekuwa mkubwa wetu kazini. Hakugusa -Xmx. Alisema itoe seva moja kwenye lodi balansa, usiizime, iache ipumue. Kisha jmap -histo, amri inayohesabu objekti za kila klasi. Kwenye mistari ya juu, katikati ya char[] na String, ilikuwepo klasi yangu ya ufunguo: objekti milioni tano na ushee. Mitandao, makundi na aina za miamala ukizizidisha zote hazifiki 300. Tukachukua dampo, tukalihamishia kwenye mashine yenye kumbukumbu ya kutosha, tukalifungua kwa Eclipse MAT, zana ya kuchambua dampo. Lilifunguka karibu saa sita usiku. Kwenye mti wa wamiliki mstari wa kwanza ulikuwa ConcurrentHashMap yangu, imeshika asilimia 91 ya hipu. Dada akaifungua. Ufunguo wa kwanza: mtandao fulani, kundi la 3, kutuma. Wa pili, wa chini yake: mtandao uleule, kundi la 3, kutuma. Wa tatu hivyohivyo. Akaweka kidole kwenye skrini akawa anashuka nacho mstari kwa mstari. "Huyu na huyu wana tofauti gani?" Nikasema hawana. "Sasa mbona Java inawaona wawili?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Sikuwa nimeandika equals wala hashCode, zile ambazo Java inazitumia kujua kama objekti mbili ni sawa. Bila hizo, funguo mbili zenye maneno yaleyale ni watu wawili wasiojuana. Kila ombi lilitengeneza ufunguo mpya, likatafuta, likakosa, likaenda kwenye databesi, likahifadhi jedwali ambalo hakuna ombi lingine litakaloweza kulipata. Kwa wateja, kache yangu haikuwahi kujibu hata mara moja. Mistari kumi na mbili, ambayo IDE, ile programu ya kuandikia msimbo, ingeniandikia kwa kubonyeza vitufe viwili.

Tulirudisha hipu kwenye giga 4. Sakafu ikakaa mega 350 na haikusogea tena. Cron niliifuta usiku uleule. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba siku ya tatu, dampo lilikuwa giga 4. Ningelifungua kwenye laptopu yangu nikila chakula cha mchana. Kila nilipoongeza hipu nilikuwa naukuza ushahidi mpaka usibebeke.

5. ThreadLocal, thamani unayoibandika kwenye thredi: remove() ndani ya finally (sehemu inayotekelezwa hata kosa likitokea), kila mara. Thredi za Tomcat, 200 kwa kawaida, zinahudumia ombi moja na kuendelea na jingine, zikibeba ulichosahau.

6. Dampo na jmap -histo:live vinasimamisha programu. Seva itoe kwenye lodi balansa kwanza.

7. Dampo la hipu ni siri. Ndani yake kuna namba za simu za wateja, tokeni, nywila zikiwa wazi kabisa, unazisoma kwa macho. Mwaka jana kijana mmoja alilipandisha kwenye hifadhi ya umma ya mtandaoni ili rafiki yake amsaidie. Nia ilikuwa njema, lakini tangu 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na zile taarifa ni za watu waliotuamini.

8. Najua mnataka kuhamia ZGC, mzoa taka mwingine wa Java. Ni nzuri, imeruhusiwa kwa kazi tangu Java 15, na kwenye 21 imeboreshwa sana. Hamieni mkishajua ugonjwa. John McCarthy alibuni uzoaji taka kwa ajili ya Lisp mwaka 1959, na kanuni haijabadilika tangu hapo: kinachofikika hakizolewi. Hakuna mzoa taka atakayetupa kitu ulichokishika mkononi.

Nikirudi kwa wale wawili. Jumanne usiku tuliwasha logi. Jana asubuhi sakafu ilikuwa mega 1100, leo 1600. Hatungoji ijae. Kesho saa nne, kabla mzigo haujapanda, tunaitoa kwenye lodi balansa na kuchukua dampo likiwa bado la giga mbili. Njooni na MAT mmeshaiweka, na mimi sitashika kipanya, mtashika ninyi.