Seva imechoka na binti anatimiza miaka 15, ugawe vipi laki tano?

Mkuu nimekusoma, desktop ya zamani yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 4GB ndo seva ya nyumbani, yaani kompyuta ya kutunzia mafaili ya familia, inakwama kila mtu akifungua picha, na humohumo unataka binti apate zawadi ya kuwekeza. Mi nisingenunua mashine mpya. Fungua kava uangalie RAM ni ya kizazi cha DDR3 au DDR4, kale kamkato ka chini hakafanani kwa hiyo haziingiliani, niliwahi kubeba ya DDR4 toka Kariakoo nikairudisha vilevile na nauli imeshaliwa. Ongeza ifike 8, mfumo endeshi weka kwenye SSD (diski ya kasi isiyozunguka), HDD (diski ya zamani inayozunguka) ibaki na mafaili. Ila kabla hujagusa skrubu kopi kila kitu kwenye diski ya nje, HDD ikianza kugonga tk tk zima hapohapo umpelekee fundi, usilazimishe.

Hela inayobaki nunua vipande (sehemu ndogondogo za mfuko wa uwekezaji wa pamoja) vya Mfuko wa Watoto wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko hiyo, kwa jina lake, mkae wote muone bei ya kipande inavyotembea. Akitaka hisa za DSE (soko la hisa la Dar es Salaam) sawa ila zinashuka pia, usiweke ada ya shule humo, muone dalali mwenye leseni ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji. Anayeahidi faida ya kila wiki WhatsApp, mblok.