Maswali na majibu: Mtoto mwenye usonji, shule ya kawaida na lugha ya nyumbani

Tangu shule zifunguliwe, barua nyingi nilizopokea zinahusu watoto wenye usonji (autism kwa Kiingereza) walioingia shule za msingi za kawaida hapa Mombasa. Nimefundisha madarasa ya chini miaka mingi na watoto hawa wamepita mikononi mwangu, kwa hiyo najibu kama mwalimu. Naanza na barua iliyonikosesha usingizi.

Mwanangu ana miaka sita, yuko Gredi ya 1. Shuleni nimeshauriwa tuache Kiswahili nyumbani, tumsemeshe Kiingereza pekee, eti lugha mbili zinamchanganya. Tumejaribu miezi mitatu. Sasa hata maneno machache aliyokuwa nayo yamepungua. Mama, Kisauni

Mama, rudini kwenye Kiswahili leo hii, msingoje Jumatatu.

Aliyekushauri bila shaka alimtakia mtoto mema, lakini ushauri wenyewe hauna mashiko. Kuchelewa kusema kumetokana na usonji, hakukutokana na idadi ya lugha anazosikia. Watafiti wamewalinganisha watoto wenye usonji wanaolelewa kwa lugha mbili na wenzao wa lugha moja, na hawakuwakuta wa lugha mbili wakibaki nyuma kwa sababu hiyo. Na hapa kwetu mtoto anayesikia lugha moja tu ni wa kutafutwa kwa tochi. Nyanya anamwita kwa Kigiriama, jirani kwa Kihindi, shangazi akipiga simu kutoka bara ni Kikamba. Watoto wenye usonji wamo humo humo, wanakua.

Lakini tazama kilichotokea nyumbani kwako mlipobadili lugha. Asubuhi ukikanda unga wa mahamri, kwa Kiswahili ungesema bila kufikiri: "Haya, mimina maji. Kidogo. Basi, basi! Sasa tukande. Waona unavyovutika?" Kwa Kiingereza cha kulazimisha unabaki na amri na majina ya rangi. Bibi yake asiyejua Kiingereza ananyamaza kabisa, anaogopa kumharibu mjukuu. Nyumba iliyokuwa na maneno tele imekuwa kimya, na mtoto mwenyewe ndiye aliyekuwa akiyahitaji maneno hayo kuliko yeyote. Nimeona watoto wanaoweza kutaja rangi kumi kwa Kiingereza, lakini wakiumwa na tumbo hawana hata neno moja la kumwambia mtu.

Kiingereza atakipata. Muombe mwalimu akuandikie maneno matano au sita ya wiki: kitabu, foleni, choo, uji, subiri. Nyumbani mfundisheni jambo lenyewe kwa Kiswahili kwanza, kwa kulifanya, kisha mwambieni na vile linavyoitwa shuleni. Neno la Kiingereza hushika haraka pale ambapo neno la Kiswahili limetangulia. Na mkumbushe mwalimu, kwa heshima, kwamba sera ya elimu ya Kenya yenyewe inataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, na mijini Kiswahili kinakubalika kabisa.

Kijana wangu wa miaka saba akiwa na kiu huniletea kikombe na kusema "Wataka maji?" kwa sauti ileile ya mamake. Tunamsahihisha kila siku, hashiki. Je, haelewi? Baba, Changamwe

Anaelewa, ndugu yangu, na amekwambia wazi kwamba ana kiu.

Watoto wengi wenye usonji hujifunza lugha kwa vipande vizima, kama mtu anavyokariri wimbo kabla ya kujua maana ya kila neno. Alisikia "Wataka maji?" na papo hapo maji yakaja. Kwake sentensi hiyo ni jina la tukio zima. Hilo si kasuku asiye na akili. Ni hatua ya kuelekea kusema, na wengi huipita wakaendelea mbele.

Kiswahili nacho kina ugumu wake hapa. Anayesema na anayesemeshwa wamefichwa kwenye silabi ya kwanza: nataka, wataka, ataka. Silabi hiyo hutamkwa upesi, na hubadilika kila mdomo unapobadilika. Ukimwambia "Si hivyo, sema nataka maji", atarudia yote: "Sema nataka maji." Nimeyasikia hayo mara nyingi.

Acheni kumuuliza, msemeeni. Akileta kikombe, simama ubavuni mwake, usimkabili, kisha sema yale ambayo yeye angesema: "Nataka maji." Mpe hapo hapo. Muweke na kaka yake kwenye mchezo huo: kaka anyooshe kikombe, aseme "Nataka maji", apewe, halafu iwe zamu ya mdogo. Kosa moja nakuomba ulikwepe, la kumnyima maji mpaka aseme vizuri. Kiu si mtihani.

Na maadamu tumegusa maneno, chungeni neno "piga". Tunapiga mswaki, pasi, simu na picha, na wala hatusikii kitu. Msichana mmoja niliyemfundisha alipiga mayowe siku niliyotangaza kwamba darasa letu litapigwa picha. Alikuwa ameyachukua maneno yangu kama yalivyo. Tangu hapo husema: "Tutasimama pale kwenye mwembe, mtu atabonyeza kamera, halafu turudi darasani." Na yale ya kwetu ya "leo nitakuchinja", yanayosemwa kwa mapenzi, mtoto huyu asiyasikie.

Mtaalamu amesema tumuwekee kadi za picha. Mume wangu ahofia zitamfanya mvivu wa kusema. Mama, Tudor

Hazimfanyi. Kadi humpunguzia mtoto hasira ya kutoeleweka, na mara nyingi maneno hufuata nyuma yake. Si lazima mnunue. Piga picha kikombe chake chenyewe, choo chenu, kiatu chake, feni, kitanda, uzichapishe dukani, uzibandike kwenye kadibodi. Picha ya kikombe cha nyumbani humfaa kuliko mchoro mzuri wa kikombe cha Ulaya. Kila anapokupa kadi, wewe sema neno lake.

Wengine waniambia mjukuu wangu ana jini, wengine ni ile chanjo ya surua. Niamini yupi? Bibi, Bamburi

Shikamoo bibi. Usimwamini hata mmoja. Usonji ni namna ubongo unavyokua tangu mtoto akiwa tumboni, na sehemu kubwa hurithiwa. Hofu ya chanjo ilizuka mwaka 1998, Andrew Wakefield, daktari wa Uingereza, alipochapisha makala ya kuihusisha na usonji katika jarida la tiba la Lancet. Mwaka 2010 jarida lenyewe liliifuta makala ile, na daktari huyo akaondolewa katika orodha ya madaktari. Mjukuu wako apate chanjo zake zote. Dua muombee usiku na mchana, hiyo ni haki yako, lakini asifukizwe moshi wala kufungiwa chumbani.

Shule ya msingi ya umma iliyo karibu nasi imesema haina nafasi ya "watoto kama hao", labda tulipe msaidizi wetu wenyewe. Tuna haki gani? Mama, Mji wa Kale

Mna haki, tena imeandikwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizojumuishwa katika jamii. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza shule kumbagua mtoto wakati wa kumsajili kwa sababu ya ulemavu.

Ila haki ya karatasini huhitaji miguu, kwa hiyo nakueleza njia. Kwanza mtoto apimwe masikio, hata kama una hakika anasikia, maana nimewahi kuona usonji na uziwi wa sikio moja kwa mtoto yuleyule na hakuna aliyejua. Kisha nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, uulizie kituo cha tathmini ya watoto wenye mahitaji maalumu. Vituo hivyo viko chini ya Wizara ya Elimu na ripoti yake ndiyo itakayokusemea. Msajilishe pia kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Halafu rudi kwa mwalimu mkuu na ripoti mkononi. Akikataa tena, muombe akuandikie barua ya kukataa. Wengi hulegea hapo, kwa kuwa hakuna anayetaka sahihi yake iwe chini ya maneno hayo.

Nikwambie na hili: kuna watoto wanaostawi zaidi katika kitengo maalumu kilichomo ndani ya shule ya kawaida, wakichanganyika na wengine kwenye michezo na mlo. Mtaala wa umilisi nao una njia ya hatua kwa hatua, kwa watoto wasiokwenda kwa kufuata umri. Kuchagua njia hiyo si kushindwa. Kibaya ni kuchaguliwa na mtu asiyewahi hata kukaa na mtoto wako.

Nina wanafunzi 58 darasani, mmoja ana usonji. Kengele ikilia huziba masikio na kukimbia hadi langoni. Mwenzangu asema dawa yake ni kiboko. Mwalimu, Likoni

Mwenzako akumbushwe kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko. Na hata pasingekuwa na sheria, mtoto anayekimbia sauti inayomuumiza ukimchapa umemwongezea maumivu mengine ya kukimbia.

Nikueleze kosa langu. Nilikuwa na mvulana aliyeingia chini ya dawati kila alasiri, wakati wa hisabati. Nikaamini anakwepa hesabu. Nilimtoa nje, nilimsemesha kwa ukali, muhula mzima. Siku moja ya Februari, joto la kaskazi limetubana, umeme ukapotea. Feni ikasimama. Na yule mtoto akatoka chini ya dawati, akakaa, akachukua penseli. Ndipo nikasikia kwa kumbukumbu kile alichokuwa akikisikia siku zote: feni ile ilikuwa na mkwaruzo mdogo, tk, tk, tk, na alasiri ndipo tulipoifungulia hadi mwisho. Sisi wengine tulishaacha kuusikia. Nilimhamishia dirishani, feni ikapunguzwa, na hesabu akazifanya. Nikikumbuka zile siku nilizomsimamisha nje, bado naumia.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "ana nini", kaa kwenye dawati lake dakika tano, usikilize. Kwa kengele, mtume ofisini na daftari muda mfupi kabla haijalia, au bora zaidi, akubaliwe aipige mwenyewe. Kelele uliyoianzisha haikushtui kama ile iliyokuvamia. Mwambie mlinzi wa langoni amjue kwa sura na jina, maana nje kuna tuktuk na matatu.

Pata karatasi ya manila, uchore siku nzima kwa picha: paredi, hisabati, uji, kucheza, Kiswahili, nyumbani. Weka kibanio cha nguo pembeni, na mtoto akisogeze kila kipindi kinapokwisha. Kibanio hicho cha shilingi chache kimenisaidia kuliko semina. Watoto wengine 57 nao wataitazama, utaona.

Na ukisema "fungeni vitabu", usitegemee atajua yumo ndani ya hao "nyinyi". Taja jina lake kwanza, agizo moja, kisha nyamaza na uhesabu kumi moyoni. Mara nyingi anakuja kwenye nane au tisa, wakati sisi tulishapaza sauti kwenye tatu.

Nina mwanafunzi wa miaka tisa chuoni, yaani madrasa. Hazungumzi na mtu, lakini amehifadhi Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani, bila kosa. Wazazi wasema basi amepona. Ni kweli? Maalim, Majengo

Maalim, alichonacho ni neema, na msifuni kwa hicho. Lakini usonji si homa, hauponi. Kuhifadhi na kuzungumza ni njia mbili tofauti. Sura ina mpangilio usiobadilika. Mazungumzo ya watu hayana mpangilio, kila anayekujibu anakuja na lake, na hapo ndipo anapokwama.

Basi ingia kwa mlango alioufungua mwenyewe. Wewe soma aya, yeye asome inayofuata, mpishane hadi mwisho. Huko kupishana ndiko mazungumzo kwa asili yake: wangu, wako, wangu, wako. Akishazoea, mhamishie kwenye salamu, kwa sababu sisi Waswahili tumejaliwa mazungumzo yaliyokwisha pangwa. Salamu ina jibu lake, shikamoo ina marahaba yake, hujambo ina sijambo. Kwa mtoto huyu hizo ni aya fupi za watu wawili.

Anza na mlango wa chuo, kila alasiri, wewe mwenyewe, mahali palepale, maneno yaleyale. Asijibu wiki ya kwanza, wewe endelea, ngoja kidogo, kisha mpishe apite. Mwambie mamake maneno mnayotumia ya keti, inuka na funga msahafu, ili nyumbani yawe hayo hayo. Siku atakayojibu, usimshangilie kwa kelele. Mjibu tu inavyostahili. Baada ya wiki chache mweke mwanafunzi mwingine asimame hapo mlangoni badala yako, na mlango usibadilike.